Kompyuta Bila Daftari Haitamfundisha Kijana Wetu Biashara

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyesifika kwa uaminifu wake katika biashara kabla ya kupewa Utume, pamoja na jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, siku hizi kila panapozungumzwa hatima ya vijana wetu, hapa Makanyagio na kwingineko katika Mkoa wa Katavi, hakosekani wa kusema: “Tuchange, tununue kompyuta, vijana wajifunze biashara.” Rai hiyo ina nia njema, wala hoja yake si dhaifu. Mtaala mpya wa elimu, ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024, umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima katika sekondari. Mfanyabiashara wa leo hupokea malipo kwa simu na hutakiwa kutoa risiti kwa mashine. Anayezikimbia zana hizi analikimbia soko lenyewe.

Hata hivyo, kabla mchango wa waumini haujatumika, ni wajibu wetu kuuliza: je, kompyuta humfundisha kijana kufanya biashara, au humfundisha kuitamani tu?

Tuipe kwanza kompyuta haki yake. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto ambao wengi wao hawakuwa wakienda shule walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Walijifunza wenyewe kwa miezi 15, na wengi walioanza bila kujua kusoma hata neno moja walipiga hatua. Kwa hiyo anayedai kwamba mashine haiwezi kufundisha kitu amekosea.

Lakini biashara si kujua hesabu peke yake. Mwaka 2011 kilirushwa hapa nchini kipindi cha televisheni cha Ruka Juu, kilichokusudiwa kuwafundisha vijana ujasiriamali. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, ambao baadhi yao walihimizwa kukitazama. Ilionekana dalili kwamba waliohimizwa walivutiwa zaidi na biashara, hususan wasichana. Ila tokeo kubwa lilikuwa la hasara: bidii yao katika masomo ilipungua, na hakikupatikana kitu cha maana kilichochukua nafasi yake. Ni kweli kwamba televisheni si kompyuta, lakini funzo lake latuhusu. Kioo huweza kuwasha hamu bila kutoa ujuzi.

Tazama pia jambo lililobainika katika Jamhuri ya Dominika, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Kundi moja la wafanyabiashara wadogo lilifundishwa uhasibu wa kawaida. Kundi jingine lilifundishwa kanuni chache nyepesi, kubwa kati yake ikiwa ni kutenga fedha za biashara na fedha za nyumbani. Kundi hili la pili ndilo lililotengeneza zaidi namna ya kuendesha biashara zake, kwa sababu lilipewa jambo linalotendeka siku ileile.

Ndugu zangu, sisi tulikwishaelekezwa hayo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, Al-Baqara aya ya 282, inahusu kuandika deni. Tumeamrishwa tuliandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, na tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Ni wangapi kati yetu wanaolitekeleza hilo? Kijana wa Makanyagio anauza mchele kwa mkopo, anategemea kumbukumbu ya kichwa, anatoa fedha ya mboga katika droo ileile ya mtaji, kisha mwaka ukiisha anasema biashara imelogwa! Mtu wa namna hiyo ukimpa kompyuta umempa pambo.

Tena ipo hatari nyingine. Kompyuta haijui halali wala haramu. Programu ya hesabu hukokotoa riba kwa wepesi uleule inaokokotoa nauli ya mzigo. Kijana akiachwa peke yake na masomo hayo atahitimu akidhani kwamba riba ni gharama ya kawaida kama pango la duka. Haitamwambia kwamba kupunja mizani ni miongoni mwa madhambi yaliyokemewa vikali katika Surat Al-Mutaffifin. Wala haitamkumbusha kwamba mwaka ukitimia anapaswa kuthaminisha bidhaa zake na, zikifikia nisabu, atoe zaka asilimia 2.5. Asiye na hesabu hajui zaka yake ni kiasi gani, na haki ya maskini imo humo!

Basi tufanye nini? Rai yangu ni hii. Darasa lianze kwa daftari na kalamu kwa muda wa miezi mitatu: mauzo, manunuzi, madeni, matumizi ya nyumbani. Umeme ukikatika, daftari halizimiki. Kisha ziletwe kompyuta chache, na kila kijana aingize humo hesabu za biashara anayoifanya kweli, iwe ya genge, ya mchele au ya cherehani. Fedha itakayookolewa alipwe mwalimu, na wafanyabiashara waaminifu miongoni mwetu wakae naye darasani wajibu maswali. Dada zetu nao watengewe nafasi yao kamili.

Na kipimo kisiwe idadi ya vyeti. Baada ya miezi sita, kila kijana aulizwe: “Mwezi uliopita ulipata faida kiasi gani, nani anakudai, na wewe unamdai nani?” Akijibu kwa kufungua hesabu zake, mchango wetu umezaa. Akibabaika, tujue kwamba tulinunua mashine tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) aibariki rizki yetu, aitakase, na atuwezeshe kuitolea haki yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.