Kama Mlimjua, Mbona Hamkumtaja?

Kila jambazi anapoachiwa huru kwa rufaa, lawama zinamwendea jaji. Safari hii tugeuze macho kidogo. Tuangalie kaunta ya kituo cha polisi, usiku ule ule wa tukio, kabla damu ya mlinzi haijakauka kwenye shati.

Kesi zenyewe zinafanana mpaka zinachosha. Ni kituo cha mafuta, ghala la mazao au duka la jumla, saa ya kufunga mahesabu. Mlinzi anakatwa panga, keshia analazwa kifudifudi, droo inamwagwa sakafuni. Miongoni mwa wavamizi yumo mmoja ambaye miezi michache nyuma alikuwa akifanya kazi hapo hapo. Anajua ufunguo wa stoo unawekwa wapi. Anajua siku ambayo fedha hazijapelekwa benki. Anajua hata mlinzi yupi husinzia. Mahakama ya wilaya inamtia hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha na kumpa miaka 30, ambayo kwa sheria ya Tanzania ndiyo adhabu ya chini kwa kosa hilo. Anakata rufaa Mahakama Kuu, anagonga mwamba. Anapanda Mahakama ya Rufani, na huko anaachiwa.

Mtaa unawaka. Majaji wamehongwa! Majaji wanawaonea huruma wezi! Kwani keshia hakumtambua? Si alikula naye wali na maharage mwaka mzima?

Huenda alimtambua kweli. Lakini chukua hukumu yenyewe uisome, maana hukumu za Mahakama ya Rufani si siri. Mara nyingi utakuta kesi imekufa kwa swali moja ambalo wakili, au mshtakiwa mwenyewe asiye na wakili, alimuuliza shahidi: ulipofika polisi usiku ule, ulimtaja nani? Shahidi anabaki kumeza mate. Usiku ule aliandikisha kwamba wamevamiwa na "watu wanne". Jina limekuja siku ya nne, baada ya mtu kukamatwa kwa mambo mengine. Au limesikika kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, mwaka mzima baadaye.

Mahakama hazijaficha msimamo wao kuhusu hili. Katika rufaa ya Marwa Wangiti Mwita, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za Tanzania za 2002, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema kabisa anajiongezea uaminifu mkubwa, na kwamba akichelewa bila sababu, mahakama makini inapaswa kujiuliza maswali. Kanuni hii inanukuliwa kwenye rufaa moja baada ya nyingine. Kila wakili wa Serikali anaijua. Kila mpelelezi aliyewahi kusimama kizimbani na kuhojiwa anaijua. Cha ajabu ni kwamba askari wa zamu kaunta anaendelea kuandika mistari miwili na kumpa mtu namba ya RB.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo la kiufundi. Hapana. Jiweke wewe mahali pa mshtakiwa. Uliachishwa kazi kwa ugomvi na bosi. Wiki tatu baadaye duka linavamiwa. Siku ya kwanza hakuna anayekutaja. Siku ya tano, watu wakishazungumza, bosi akishatoa hisia zake, jirani akishakumbuka kwamba ulipita na bodaboda jioni ile, ghafla watu watatu wamekuona. Wamekuona, au wamekubaliana kwamba lazima ulikuwa wewe? Jaji anayesoma makaratasi miaka minne baadaye hana njia ya kujua, na sheria inamtaka asimfunge mtu miaka 30 kwa jambo asilo na hakika nalo.

Na wala hili si la kufikirika. Julai 1996, katika mji mdogo wa Winona, Mississippi, Marekani, watu 4 waliuawa kwa risasi ndani ya duka la samani na fedha zikachukuliwa. Macho yakamgeukia Curtis Flowers, aliyekuwa ameachishwa kazi dukani hapo chini ya wiki mbili kabla. Mashahidi kadhaa waliosema walimwona akitembea mitaani asubuhi ile walitoa maelezo yao wiki kadhaa baadaye, wengine miezi. Mwendesha mashtaka mmoja, Doug Evans, alimfikisha mahakamani mara 6 kwa tukio hilo hilo. Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, iliifuta hukumu ya kifo iliyotokana na kesi ya sita, kwa sababu weusi walikuwa wakienguliwa kwenye jopo la raia wanaoamua kesi. Septemba 2020 mashtaka yakafutwa kabisa. Flowers alikuwa amekaa ndani karibu miaka 23. Kufukuzwa kazi kunampa mtu sababu ya kuwa na hasira, na hasira peke yake haijawahi kuwa ushahidi wa wizi.

Kwa hiyo tunachokililia hapa kinamlinda aliyeibiwa na kinamlinda aliyesingiziwa, kwa karatasi ile ile.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana huko nako kesi nyingi zinazama. Tangu hukumu ya Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama zetu zinauliza mambo yale yale: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na je, alimfahamu kabla? Ni maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeyauliza hata bila kusoma sheria. Lakini maelezo ya polisi yanakuja na maneno matatu: "kulikuwa na taa". Taa gani? Iko nje au ndani? Inaangaza sehemu ya keshia au lango tu? Ilikuwa tochi? Nani aliishika? Tochi ya jambazi inakumulika wewe machoni. Yeye anabaki kivuli nyuma yake. Shahidi anayesema alimtambua mtu kwa mwanga wa tochi aliyomulikiwa usoni anajichimbia shimo, na hakuna aliyemuuliza usiku ule kama pengine palikuwa na taa nyingine ukutani.

"Lakini tunamjua!" Ndiyo, na mahakama zinakubali kwamba kumtambua unayemfahamu kuna nguvu kuliko kumtambua mgeni. Zinaongeza tu kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki wa karibu. Nani hajawahi kumshika bega mtu Kariakoo akidhani ni binamu yake? Na hiyo ilikuwa saa sita mchana, bila panga shingoni.

Tumesikia visingizio vyote. Tuanze na kile chenye uzito: hofu. Mlinzi anajua kwamba jamaa anajua anapoishi. Isitoshe, taarifa inatolewa kaunta, kwa sauti, mbele ya benchi lililojaa watu, na kwenye benchi lile huenda ameketi shemeji yake mtuhumiwa. Nani atataja jina hapo? Basi mpeni chumba. Kila kituo kina ofisi yenye mlango. Mwingizeni mlalamikaji ndani, fungeni mlango, muulizeni. Na kama bado anaogopa, andikeni kwamba anaogopa na kwa nini. Mahakama haikatai kuchelewa kunakoelezeka. Aliyelazwa hospitali hajitambui ana sababu, na karatasi za hospitali zitamsemea. Kinachoua kesi ni kimya kisicho na maelezo.

Kisingizio cha pili ni cha mwajiri, na hiki hatukionei huruma. Bosi hataki jina liandikwe mapema kwa sababu jina litavuta maswali. Kijana aliondoka vipi? Alilipwa mshahara wake wa mwisho? Alikuwa na mkataba? Kwa nini fedha za siku tatu zilikuwa zimelala dukani? Bosi anawaambia wafanyakazi, "Subirini kwanza niongee na mkuu wa kituo." Wanasubiri. Maelezo ya shahidi ni kama maziwa mabichi: yakikaa siku mbili mezani, hakuna atakayeyagusa. Bosi huyo huyo ndiye atakayepiga kelele kuliko wote siku ya rufaa.

Tukiwa kwake, tumalizie lingine. Mtu akiacha kazi, badilisha kufuli. Kufuli jipya ni fedha kidogo sana ukilinganisha na mapato ya jioni moja. Badilisha na ratiba ya kupeleka fedha benki, na usiache ufunguo kwenye kopo lile lile la chai ambalo kila mfanyakazi tangu enzi na enzi amelijua.

Kisingizio cha tatu ni cha polisi: kazi ni nyingi, askari ni wachache, mpelelezi atakuja kesho kuandika maelezo kamili. Tunajua kazi ni nyingi. Lakini kuuliza maswali sita hakuhitaji mpelelezi, gari wala bajeti ya Bunge. Ni nani? Unamfahamu vipi na tangu lini? Ulimwona kwa mwanga wa nini, umekaa wapi? Alikuwa umbali gani? Alikuwa mbele yako kwa muda gani? Alivaa nini, alishika nini, alisema nini? Robo saa inatosha. Mlalamikaji asomewe alichosema, akirekebishe, atie saini, saa iandikwe. Majeruhi apewe PF3 yake akatibiwe. Nakala ya maelezo yale iende kwenye jalada na ibaki humo, na siku ya kesi askari aliyeyachukua aitwe kutoa ushahidi. Mara ngapi upande wa mashtaka umemleta kila mtu mahakamani isipokuwa askari wa kwanza kusikia jina?

Vingine vya upelelezi vina umuhimu wake: alama za vidole kwenye droo, kumbukumbu za simu, simu ya keshia iliyokutwa chini ya godoro la mtuhumiwa siku ya pili. Mali iliyokutwa mapema baada ya wizi inaweza kumfunga mtu hata kama hakuna aliyeona sura, ilimradi mwenyewe aitambue kwa alama na iwepo karatasi inayoonyesha ilitoka mkono gani kwenda mkono gani. Lakini kuna matukio ambayo hakuna kilichokutwa popote. Yote yanabaki kwa macho ya mlinzi na keshia, na macho yao yana thamani ya kile walichokisema walipofika kituoni.

Tusisahau upande wa mashahidi wenyewe baada ya rufaa. Mlinzi mwenye kovu la panga analipa matibabu kwa mshahara wa mlinzi. Anapanda daladala moja na mtu aliyemtaja mahakamani. Hakuna aliyemweleza kwa nini kesi ilianguka. Amesikia tu kwamba "ushahidi haukutosha", na yeye ndiye ushahidi. Ofisi ya Mashtaka ingeweza kumwita na kumwambia ukweli: mzee, hukuitwa mwongo, ila usiku ule hakuna aliyekuuliza, nawe hukusema. Ni maneno machungu, lakini mlinzi mwingine katika kampuni ile ile angejifunza.

Jeshi la Polisi litoe agizo moja la ukurasa mmoja, libandikwe nyuma ya kaunta ya kila kituo: hakuna RB ya unyang'anyi inayotolewa kabla maswali yale sita hayajajibiwa na kusainiwa, ndani ya chumba chenye mlango. Mkuu wa kituo akague jalada asubuhi inayofuata, akikuta hayamo amwajibishe aliyekuwa zamu.

Na wewe unayefunga duka leo jioni: ukivamiwa na mtu unayemfahamu, usisubiri bosi, usisubiri kesho. Mtaje, eleza ulimwonaje, na usiondoke kituoni mpaka usomewe kilichoandikwa.