Itoeni Saa ya Mzee Kabatini

Katika nyumba zetu nyingi kuna saa ya mkononi isiyotembea. Imefungwa kitambaani, chini ya nguo, pamoja na vyeti vya marehemu. Ni saa nyembamba ya kutia ufunguo, iliyovaliwa Idi, Krismasi na harusini. Nawaomba muitoe.

Igeuzeni kwanza. Huenda mgongoni pamechongwa jina la mzee na miaka ya utumishi wake, kwa kuwa waajiri wengi wa zamani waliwaaga wastaafu kwa zawadi ya saa. Kisha mwendeeni shangazi au ami aliye hai, mumuulize: ilinunuliwa wapi, kwa fedha za mavuno gani? Nani aliivaa siku ya nikahi? Iliwahi kuwekwa rehani ili ada ya shule ilipwe? Andikeni majibu, karatasi ikae pamoja na saa. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Saa iliyolala miaka 60 bado yaweza kutengenezwa, lakini anayeijua habari yake hatungoji.

Tafadhali, msiilazimishe kutembea. Mafuta ya ndani yakishakauka, vyuma husagana, na saa nyingi za aina hii hupiga mara 5 kila sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja. Ipelekeni kwa fundi saa, yule mwenye kimeza barazani na lenzi jichoni. Aisafishe, aitie mafuta. Asiing'arishe mgongo hadi maandishi yafutike, wala asipake rangi mpya uso ulioingia manjano. Kipuri akibadilisha, awape na kile cha zamani.

Mafundi hawa wanatuhitaji pia. Desemba 1969, Seiko walitoa Tokyo saa ya kwanza ya mkononi inayoongozwa na fuwele ya kwatzi na betri. Ilikuwa ghali mno, lakini miaka michache baadaye saa kama hizo zilijaa madukani kwa bei ndogo, na kazi ya ufunguo ikapungua duniani kote. Mzee anayeijua bado anastahili wateja, na mwanagenzi wa kukaa kando yake.

Saa ikirudi, ivaeni. Mpeni binti au kijana siku ya posa, mumfundishe kuitia ufunguo asubuhi, taratibu, na kuacha mara tu anapohisi ugumu.