Kilo zikiondoka kwa mbio, hurudi kwa teksi

Wiki hii nina barua ya dada mmoja wa Tabata, na nimeisoma mara tatu kwa jinsi ilivyonigusa. Jina lake nalificha, mwenyewe kaomba. Ana miaka 26, anauza duka la watu, na sendofu yake imebakiza wiki sita. Gauni limeshashonwa, tatizo zipu haipandi!

Basi dada wa watu akaokota mtindo kwenye simu ya shoga yake. Asubuhi yai la kuchemsha, mchana matango, usiku yai jingine na kikombe cha chai fulani ya majani inayouzwa mtaani, eti inasafisha mwili. Wiki ya kwanza, kilo tatu chini! Wiki ya pili akadondoka ndani ya daladala, abiria wakawa wanampepea na gazeti. Lakini kinachomuuma, anasema, si kudondoka. Ni mama yake. Mama huyo ndiye anayepikia nyumba nzima, na siku hizi kila jioni anamwona binti anasukuma sahani pembeni. Juzi akamuuliza, "Mwanangu, chakula changu kimekuwa sumu?"

Dada anataka kujua: nikaze au niache?

Tuanze na hizo kilo tatu. Nisamehe dada yangu, nyingi yake ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, wataalamu wanaiita glikojeni, na kila gramu moja ya akiba hiyo inakaa na maji kama gramu tatu hivi. Ukikata ugali na wali ghafla, akiba inaliwa, maji yanakwenda zake chooni. Mizani inakuchekea, kumbe mafuta ya kiunoni yapo palepale yamekunja nne. Na hiyo chai, kama inakukimbiza uani mara nne kwa siku, inachokutoa ni maji na chumvi za mwili, ndiyo maana unaona nyota saa sita mchana. Hiyo iache leo. Hata usingoje iishe, mwaga.

Sasa kuhusu kujinyima. Kuna kisa nakipenda sana maana kinawafunga mdomo wale wanaosema mnene hana msimamo. Mwaka 1944 kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu mmoja aitwaye Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya, wenyewe wamejitolea. Mwaka 1945 wakapunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Uzito ulishuka kwelikweli, karibu robo nzima. Lakini akili je? Washikaji walidata! Wakawa wanaota chakula, wanalamba sahani, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi wakavisoma kama hadithi za mapenzi. Walipofunguliwa wakala mpaka basi, tumbo limejaa na bado wanasema wana njaa, na mafuta mwilini yakarudi kuzidi ya mwanzo. Sasa hao walikuwa vijana wakakamavu wanaosimamiwa na madaktari. Wewe unayepita kwenye jiko la chipsi kila jioni ukitoka kazini, una ubavu gani?

Utaniambia tatizo ni mtindo wenyewe, ungechagua mwingine ungetoka. Mitindo ipo tele: kuna wa kukimbia wanga, kuna wa kukimbia mafuta, kuna wa kufunga mpaka saa fulani, na kila mmoja una watu wake wanaogombana utadhani Simba na Yanga. Mwaka 2005 wataalamu wa Boston walitoa matokeo ya watu 160 waliogawiwa mitindo minne yenye majina makubwa, wakafuatwa mwaka mzima. Iliyobana sana ilikimbiwa na karibu nusu ya watu wake. Na kupungua hakukufuata jina la mtindo. Waliopungua zaidi ni wale walioshika walichopewa, uwe mtindo huu au ule. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford nacho kikaleta yake: watu 609, nusu wanapunguza mafuta, nusu wanapunguza wanga, miezi kumi na miwili. Makundi yote mawili yalishuka kilo tano sita kwa wastani, hakuna lililolipita jingine kwa maana. Ila ndani ya kila kundi kulikuwa na aliyepungua kilo zaidi ya 20, na kulikuwa na aliyeongezeka!

Kwa hiyo mimi mtu akiniletea mtindo mpya simuulizi unapunguza kilo ngapi. Namuuliza: utakula hivyo siku ya Idd? Msibani je, ukipewa pilau kwenye sinia na watu watano? Tarehe 25 mfuko ukitoboka, hizo parachichi na samaki wa kuoka utanunua na nini? Akianza kushika kichwa, najua huo mtindo ni wa kukodi kama suti ya harusi, utarudishwa Jumatatu.

Habari njema ni kwamba chakula cha kupunguzia mwili kiko kwa mama yako hapohapo Tabata. Maharage, choroko, kunde, dagaa, mchicha, matembele, ugali wa dona. Maharage yana protini na nyuzi, yanakaa tumboni, hutaanza kutafuta andazi saa kumi. Wanaotuambia chakula cha Mswahili kinanenepesha wanatuonea. Kinachonenepesha ni namna tunavyokipakua. Angalia sahani ya wali maharage kwa mama ntilie: wali mlima Kilimanjaro, maharage kijito, mchicha kama umedondoshwa kwa bahati mbaya. Igeuze. Mboga za majani zishike nusu ya sahani, maharage au samaki robo, wali au ugali robo iliyobaki. Sahani ni ileile, sufuria ni lilelile, na mama hapiki mara mbili.

Mafuta ndiyo nyoka aliyejificha. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, yawe ya alizeti au ya mawese, na kwenye mchicha wa nyumba nyingi huwa tunamimina tu kwa macho. Yai la chipsi mayai halina kosa lolote, masikini, ila limelazwa kwenye kisima cha mafuta pamoja na viazi ambavyo tayari vilishaogeshwa humohumo. Sikwambii usile. Wanaosema "sili tena chipsi maisha yangu yote" huwa nawaona Ijumaa wameshika mfuko mweusi unaotoa moshi. Kula mara moja kwa wiki, na kachumbari nyingi, ukae chini, ufurahi nayo.

Na sukari! Hapa vijana wa mjini tunamalizwa. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko vidogo tisa. Weka kijiko cha tisa kwenye chai yako uone kama utainywa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo asilimia 5 ni gramu 25. Soda moja tu, umeshavuka! Chai nayo usiisahau: vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hapo una vijiko kumi na viwili kabla hujagusa soda. Shusha hadi viwili wiki mbili, kisha kimoja. Ulimi unazoea, na mtu haoni kama unajinyima. Kaka zangu mnaocheka pembeni, bia ya nusu lita ina kalori kama 200. Tatu za Ijumaa ni sawa na mlo mzima, na bado nyama choma haijaletwa.

Kwa mwendo huu hutashuka kilo tatu kwa wiki. Utashuka nusu kilo, ikizidi sana kilo moja, na kuna wiki mizani itagoma kabisa. Inaudhi, najua. Halafu jambo moja nisilipitie juujuu: kama unatumia dawa za kisukari au presha, au una mimba, au unanyonyesha, pita kwa daktari kabla hujabadilisha chochote, maana sindano ya kushusha sukari na tumbo tupu ni mambo ya kulazwa.

Haya dada wa Tabata. Wiki sita kwa nusu kilo ni kilo tatu, safari hii za kweli. Zipu inaweza kupanda, inaweza isipande. Mpelekee fundi gauni sasa hivi akuongezee kitambaa ubavuni, mafundi wazuri huacha akiba kwenye mishono, na hakuna mgeni wa sendofu atakayekuja na futi kupima. Huyo mchumba alikuposa ukiwa na mwili huohuo. Jioni ya leo ingia jikoni umsaidie mama kuchambua mchicha, kijiko cha mafuta ushike wewe, kisha mkae mle pamoja. Ukitaka kumwambia kuhusu sahani, mwambie umeambiwa upunguze wali. Kuhusu sumu usimjibu kwa maneno, kula.

Wiki ijayo nina kaka wa Magomeni anayenyanyua vyuma miezi minne na kifua hakijatoka. Naye ana maswali yake kuhusu mayai mabichi. Tuonane hapahapa.