Mlinzi wa Safu ya Pili: Nani Ampime, na kwa Lugha Gani?

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, vilabu 32 vya NFL, yaani ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, hukutana kuwateua vijana wanaotoka vyuoni. Uteuzi huwa na raundi saba, na kwa kawaida klabu iliyovurunda zaidi msimu uliotangulia ndiyo hutangulizwa kuchagua. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, vijana mia tatu na ushei huitwa katika mji wa Indianapolis kupimwa. Hupimwa kimo, uzito, urefu wa mkono na upana wa kiganja. Hukimbizwa yadi 40, ambazo ni mita 36 na nusu hivi, na hulazwa chali wainue chuma cha ratili 225, takribani kilo 102, mara nyingi kadiri wawezavyo. Wamarekani wenyewe huuita uteuzi huu kwa neno ambalo masikio ya Mswahili hulipokea kama drafti, ule mchezo wa vizibo vya chupa vinavyosukumwa ubaoni barazani. Sadfa hiyo ya kimatamshi ina ukweli ndani yake, maana kizibo hakiulizwi kinakotaka kwenda.

Miongoni mwa wanaopimwa, kuna mmoja ambaye lugha ya Kiswahili haijampa jina lililotulia. Husimama nyuma ya ukuta wa majitu yanayosukumana mbele, na mbele ya walinzi wa mwisho. Kumwita beki tu ni kumchanganya na wale walio nyuma yake. Kulitohoa jina lake na kupata "lainibeka" kunawezekana, ila neno hilo halimwambii msikilizaji chochote kuhusu kazi yenyewe. Makala haya yatamwita mlinzi wa safu ya pili, kwa kuwa neno safu limekwisha kuzoeleka katika utangazaji wa kandanda na linabeba wazo la mahali anaposimama. Katika soka, ndugu yake wa karibu ni kiungo mkabaji, kazi aliyoifanya Victor Wanyama akiwa Celtic, kisha Southampton kuanzia mwaka 2013, kisha Tottenham kuanzia mwaka 2016. Aliyemtazama Wanyama akiziba njia ya pasi kabla haijapigwa anaweza kuielewa nafasi hii hata kama hajawahi kuushika ule mpira wa umbo la yai.

Kazi ya mlinzi huyu ni kusoma. Mpira unapoanzishwa, huwa na sekunde moja hivi ya kuamua iwapo wapinzani watakimbia nao au wataurusha. Hutazama nyayo, viuno, mwelekeo wa mabega ya walio mbele yake, na mara nyingi huwa anahadaiwa kwa makusudi: wapinzani hujifanya wanakimbia ili wapate kurusha. Akisoma vibaya, kasi yake yote humpeleka pasipo na mpira. Hapa ndipo hoja ya makala haya inapoanzia. Kituo cha vipimo kule Indianapolis hupima karibu kila kitu cha mlinzi huyu isipokuwa usomaji wake.

Ushahidi haukosi. Mwaka 2009, klabu ya Seattle Seahawks ilimteua Aaron Curry akiwa wa nne katika orodha nzima. Alikuwa na umbo, kasi na tuzo ya mlinzi bora wa safu yake vyuoni, na wengi walimhesabu kuwa chaguo lisilo na hatari. Kabla ya msimu wa 2011 kwisha alikuwa amekwisha kuuzwa kwa klabu nyingine, na jina lake likafifia upesi. Zach Thomas, kwa upande mwingine, alionekana mfupi mno. Miami Dolphins walimchukua mwaka 1996 katika raundi ya tano, akiwa wa 154. Mwaka 2023 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Naye Vontaze Burfict alikimbia yadi 40 kwa zaidi ya sekunde tano mwaka 2012, kasi iliyowachekesha wapimaji, na hakuteuliwa na klabu yoyote. Cincinnati Bengals walimsajili nje ya uteuzi, na mwaka uliofuata akaongoza ligi nzima kwa idadi ya wapinzani aliowaangusha. Ni haki kuongeza kwamba waliomkwepa Burfict kwa sababu ya hasira zake hawakukosea kabisa, kwa kuwa baadaye aliadhibiwa mara kadhaa kwa uchezaji wa hatari. Hata hivyo, hasira hazikuwa katika saa ya mpimaji. Zilionekana kwa macho ya watu waliomtazama akicheza.

Kwa msomaji wa Kenya, kisa kilicho karibu zaidi ni cha Daniel Adongo. Jina lake halihitaji mkalimani katika nyanda za Homa Bay na Migori, ambako Odongo au Adongo ni pacha anayezaliwa wa pili. Adongo alikuwa mchezaji wa raga aliyepitia Afrika Kusini na New Zealand. Katikati ya mwaka 2013, Indianapolis Colts walimsajili awe mlinzi wa safu ya pili ilhali hajawahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani katika maisha yake. Alikuwa na kimo cha karibu mita mbili na mbio za kutisha. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, timu ya Burfict yule yule, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Magazeti ya Nairobi yalishangilia, na yalistahili kushangilia. Lakini mechi alizocheza zilikuwa chache, nyingi zake katika vikosi vya kupiga na kupokea mpira badala ya nafasi aliyosajiliwa, na majeraha nayo hayakumwachia nafasi. Mwaka 2015 ulipokwisha, Colts walikuwa wamemwacha.

Si haki kumlaumu Adongo. Wakosaji, kama wapo, ni walioamini kwamba mwili ukishapatikana, usomaji utafundishwa kwa miezi. Mtoto wa Marekani huanza kuusoma mchezo huo akiwa shule ya msingi. Adongo alipewa kitabu kizima akiwa na miaka 23 na kutakiwa afanye mtihani msimu ule ule. Ni kama kumchukua bingwa wa taarabu, kwa kuwa tu ana sauti, na kumtaka aghani utenzi wa Kiarabu kesho asubuhi.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawana sababu ya kuwacheka wapimaji wa Indianapolis. Taaluma yetu ina historia ndefu ya kuhesabu. Katika mgogoro wa ushairi uliopamba moto miaka ya 1970, walikuwapo waliohesabu mizani na kukagua vina, na walipomaliza kuhesabu wakadhani wamekwisha kuhakiki. Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, kwa kipimo hicho hakikuwa na raundi ya kuteuliwa. Kuna mashairi yaliyotimiza arudhi zote yasiyokumbukwa na mtu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mizani ina kazi yake na yadi 40 zina kazi yake. Kinachokosewa ni kukifanya kipimo rahisi kiwe hukumu kwa sababu tu kinaandikika kwa tarakimu.

Suala hili lina uzito wa karibu zaidi kuliko Indianapolis. Kati ya Rongo na Homa Bay kuna Asumbi, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill, ambayo leo ina shule ya wasichana yenye jina na chuo cha walimu wa shule za msingi. Kutoka chuoni humo walimu husambaa katika shule nyingi za Nyanza Kusini na kwingineko, na ndio wapimaji wa kwanza wa vipaji, wajue wasijue. Zamani upimaji wao ulikuwa wa jioni tu: nani aende na timu ya shule kwenye mashindano ya wilaya. Sasa sivyo. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10, na mmoja wa mikondo mitatu ya shule ya upili ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Kijana wa miaka 15 anaelekezwa mkondo, na maoni ya mwalimu juu yake yana uzito katika nyumba ambayo huenda haina mwingine wa kuuliza. Huu nao ni uteuzi, ingawa hautangazwi kwenye televisheni, na anayeukosa hana klabu ya Cincinnati ya kumsajili nje ya orodha.

Atapimwaje? Desturi inajulikana na haihitaji kutajiwa shule. Mrefu huwekwa golini au kwenye kikapu, mwenye mbio hupelekwa winga, na mnene husukumwa kurusha tufe. Mtoto mfupi anayeona pasi kabla haijapigwa husimama pembeni akishika sweta za wenzake. Inasikitisha kuona hili likitokea katika nchi ya Gor Mahia. Klabu hiyo inabeba jina la mganga wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, ambaye masimulizi yanamsifu kwa hila na kwa kujigeuza maumbo; hayamsifu kwa ukubwa wa kifua. Na ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, nahodha wake, Austin Oduor, alikuwa mlinzi.

Wapo watakaosema kuwa tarakimu ndizo kinga ya mnyonge. Bila saa na mizani ya kilo, watasema, mwalimu atamchagua mpwa wake. Hoja hii haipuuziki. Shaquem Griffin, aliyekatwa mkono wa kushoto akiwa na miaka minne, angetupwa nje na macho ya wengi. Mwaka 2018 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.38, na saa hiyo ndiyo iliyowalazimisha wenye macho kutazama tena. Seattle wakamteua katika raundi ya tano. Saa basi ibaki, lakini kando yake pawe na maelezo yanayosomeka, yanayoweza kupingwa na mzazi au mwalimu mwenzake, jambo ambalo upendeleo wa mpwa hauwezi kulistahimili kwa urahisi.

Maelezo hayo yanahitaji lugha, na hapa ndipo idara za Kiswahili zinapohusika moja kwa moja. Watoto wa Asumbi huitana uwanjani kwa Dholuo. Ripoti zao hujazwa kwa Kiingereza, aghalabu kwa neno moja lisilosema kitu. Kiswahili, ambacho mzazi, mwalimu na afisa wa michezo wote wanakimudu, hakitumiki. Watangazaji waliifanya kazi yao zamani: Leonard Mambo Mbotela na waliomfuata waliupa mpira msamiati ambao hata asiyeona uwanja aliuona. Lakini lugha ya mtangazaji hueleza kilichotokea. Mpimaji anahitaji lugha ya kueleza uwezo: kuhisi, kuwahi, kutohadaika, kujirekebisha baada ya kukosea. Maneno yapo, na yanayokosekana ni mazoezi ya kuyatumia hivyo. Somo la uhakiki linaweza kutenga majuma mawili ambamo mwanafunzi hupelekwa uwanjani badala ya maktabani, amtazame mchezaji mmoja kwa dakika 90, kisha aandike ukurasa mmoja bila tarakimu hata moja. Mwenye kuandika, kwa mfano, kwamba "msichana huyu hukimbia polepole lakini hufika kwanza, kwa kuwa huanza kukimbia kabla ya wengine kujua mpira unakwenda wapi, alihadaika mara mbili kipindi cha kwanza, cha pili hakuhadaika tena," atakuwa amempa mwalimu wa Gredi ya 9 jambo la kutazama Jumatatu inayofuata.