Mshumaa wa Alabama na Nyaya za Kinu cha Nyuklia



Moto ukitokea mahali pa kazi, neno la kwanza la wakubwa ni moja siku zote: nani aliyeuwasha? Jina likipatikana, faili hufungwa. Mtu wa kazi ya mkono hupewa barua yake, na tajiri hurudi kwenye hesabu zake. Sisi twasema swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: moto ulipita wapi? Ulitoka chumba hiki ukaingia kile kwa njia gani, na njia hiyo iliachwa wazi kwa amri ya nani?

Twaandika haya kwa sababu ya maneno ya kinu cha nyuklia. Kenya haina kinu cha namna hiyo, lakini Serikali imekuwa ikikitaka kwa miaka mingi. Iliundwa bodi mwaka 2012, kisha likaja shirika la NuPEA chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kukikataa, na baadaye macho ya wakubwa yakageukia upande wa Siaya. Kama kijengwe au kisijengwe, na wapi, hayo yana mkutano wake. Lakini kikijengwa, watakaovuta nyaya, kutoboa kuta na kuziba matundu ni sisi, wengi wetu vibarua wa kontrakta. Basi yafaa tujue mapema habari ya nyaya na moto, maana sheria zake nyingi zilizaliwa na ajali, na katika ajali hizo fundi wa stima hakosi kutajwa.

Labda ndugu mmoja atauliza: waya ni waya, mbona wa nyuklia uwe na sheria yake? Jibu ni hili. Kinu cha nyuklia ukikizima hakipoi mara moja. Dakika ile ile kinapozimwa, fueli yake bado hutoa kama sehemu 6 au 7 katika mia ya joto la kazi yake yote, na joto hilo hupungua polepole kwa saa na siku nyingi. Lazima maji yaendelee kupita. Pampu ya maji yataka stima, na vali yataka amri kutoka chumba cha kuongozea mitambo. Stima na amri zote mbili hupita ndani ya nyaya. Ndiyo sababu kila pampu ya usalama huwekewa mwenzake wa akiba. Lakini kama nyaya za pampu na nyaya za mwenzake zimelala pamoja, moto mmoja huzichukua zote, na ile pampu ya akiba iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huwa pambo.

Jambo hilo lilionekana wazi tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, Marekani, mali ya shirika la umma liitwalo Tennessee Valley Authority. Vinu viwili vilikuwa vikifanya kazi kwa nguvu zote, na cha tatu kilikuwa kikijengwa. Chini ya chumba cha kuongozea kulikuwa na chumba cha nyaya, ambamo nyaya za vinu vyote viwili zilikusanyika na kugawanyika kwenda kila upande. Ukuta wake ulipakana na jengo la kinu. Hewa ya jengo la kinu huvutwa kwa makusudi, ili kama kuna uchafu wa nyuklia usitoke nje. Kwa hiyo kila tundu la nyaya ukutani lilipaswa kuzibwa lisivuje hewa.

Walizibaje? Kwa povu la plastiki, lile la poliyurethani, ambalo hushika moto upesi. Na walijuaje kama tundu linavuja? Kwa mshumaa. Ndiyo, ndugu, katika kituo cha mamilioni ya dola fundi alipewa mshumaa uliowashwa, ausogeze karibu na tundu, atazame kama mwali unainama. Hiyo haikuwa akili yake. Ndiyo iliyokuwa kazi, na wakubwa waliijua. Siku mbili kabla, moto mdogo ulikuwa umewaka kwa njia hiyo hiyo, ukazimwa, ukaandikwa katika daftari la zamu. Kazi ikaendelea.

Mchana ule, kama saa 6 na dakika 20, mwali uliinama kuingia tunduni, povu likashika, na upepo ukauvuta moto upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo hakuna mkono uliofika. Walijaribu kuupiga kwa tochi, wakaweka matambara, kisha mitungi ya kuzimia moto. Zilipita kama dakika 15 kabla ya kengele kulia. Mtambo wa gesi ya kuzima moto katika chumba cha nyaya ulikuwa umekatiwa stima, kwa kuwa mlikuwa na watu wakifanya kazi. Upande wa pili moto ukatembea juu ya trei za nyaya, ganda kwa ganda.

Mkuu wa zimamoto wa mji wa karibu wa Athens alifika mchana akashauri maji yatumike. Waliogopa maji juu ya nyaya za stima, wakaendelea na poda na gesi. Maji yalipokubaliwa, jioni kabisa, moto ulikwisha kwa muda mfupi. Ulikuwa umewaka kama saa 7. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika, na zaidi ya 600 kati ya hizo zilikuwa za mitambo ya usalama. Katika kinu cha kwanza mifumo ya dharura ya kupeleka maji ilishindwa yote. Taa za chumba cha kuongozea ziliwaka na kuzimika ovyo, na mashine zikajiwasha bila kuamriwa. Walioiokoa hali ni wafanya kazi wa zamu, waliotumia pampu ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Hakufa mtu. Vinu viwili vilisimama karibu mwaka mmoja na nusu.

Sasa, nani aliyeuwasha? Mshumaa ulikuwa mkononi mwa mtu, hilo si siri. Lakini nani alichagua povu linalowaka? Nani alikubali nyaya za usalama za pande zote zipite karibu karibu, hata tundu moja likawa mlango wa hasara yote? Mtu mwenye mshumaa hakuchora ramani, wala hakununua povu.

Serikali ya Marekani yenyewe ilikuja kuliona hilo, maana sheria iliyofuata haikuzungumza juu ya mishumaa tu. Tume yao ya kusimamia nyuklia iliitangaza Novemba 1980, ikaanza kutumika Februari 1981. Yasema nyaya za mitambo inayozima kinu salama zitengwe na nyaya za akiba yake kwa njia mojawapo. Ya kwanza ni kizuizi kinachostahimili moto kwa muda wa saa 3. Ya pili ni nafasi ya futi 20 isiyo na kitu cha kuungua katikati, pamoja na vyombo vya kugundua moto na mtambo wa kuuzima wenyewe. Ya tatu ni kufunika upande mmoja kwa kizuizi cha saa 1, pamoja na vyombo hivyo hivyo. Sheria hii haimwambii fundi awe mwangalifu tu. Yamwambia tajiri kwamba moto utawaka siku moja, na siku hiyo lazima ukute ukuta. Makampuni ya stima yalikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 1982 mahakama ya Washington ikaiacha isimame.

Kuna pia sheria ya waya wenyewe. Tangu mwaka 1974 chama cha wahandisi wa stima kina jaribio lake: nyaya hufungwa kwenye trei iliyosimama wima, mwali wa gesi huwekwa chini yake kwa dakika 20, na moto usipande mpaka juu. Jaribio hili ni zuri, lakini msidanganywe na neno kupasi. Waya uliopasi haukuapa kwamba hautaungua. Ukiwekwa pamoja na mamia wengine, na moto mkubwa chini yake, utaungua. Na ganda la PVC likiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na maji huwa asidi. Hula vyombo vya stima, na hula mapafu ya mtu anayetafuta mlango ndani ya moshi. Siku hizi yapo maganda yasiyo na klorini, yenye moshi kidogo. Tukiulizwa, hayo ndiyo yawekwe, hata kama bei ni kubwa zaidi.

Wala msifikiri ni hadithi ya Alabama tu. Mwaka ule ule wa 1975, tarehe 7 Desemba, huko Greifswald, Ujerumani ya Mashariki ya wakati ule, fundi wa stima alikuwa akimwonyesha mwanafunzi wake namna ya kuunganisha njia za stima. Ikatokea shoti, nyaya zikaungua, na pampu 5 kati ya 6 za kupozea kinu zikakosa stima. Wananchi wa kule hawakuambiwa mpaka mwaka 1989. Tarehe 31 Machi 1993, huko Narora, India, mapanga ya tabo yalivunjika, moto ukazuka, na nyaya za stima ya kawaida pamoja na za dharura zikaungua, kwa sababu hazikutengwa vya kutosha. Kituo kilikaa gizani kama saa 17. Wafanya kazi walipanda ndani ya jengo na tochi kufungua vali za boroni kwa mikono, ili kinu kisije kikawaka tena, na maji ya kupozea yakapelekwa kwa pampu za zimamoto za dizeli. Mikono ile ile inayolaumiwa moto ukianza ndiyo inayoitwa kila kitu kinaposhindwa.

Sheria ya vizuizi nayo ina hadithi yake, na hii yatuhusu sana. Makampuni mengi ya Marekani yalifunika nyaya kwa bidhaa moja iitwayo Thermo-Lag 330, iliyouzwa kama kizuizi cha saa 1 au saa 3. Ilipojaribiwa vizuri ilionekana haifikishi muda huo, na mwaka 1992 Tume ikawataarifu wenye vinu. Je, waliibomoa siku ile? Hapana. Waliruhusiwa kuweka watu wa kuzunguka na kuangalia moto wakati matengenezo yanangojwa, na kungoja kwenyewe kulichukua miaka. Kazi ya kulinda ni kazi ya heshima, wala hatumdharau anayeifanya. Lakini mtu si ukuta. Mlinzi huuona moto ukisha kuwaka. Tajiri anayeona mtu ni rahisi kuliko ukuta ataendelea kutumia mtu, na huu ni mtego ambao chama lazima kiutazame kwa macho mawili.

Na karatasi je? Mwaka 2013 Serikali ya Korea Kusini ilisimamisha vinu baada ya kugundua kwamba nyaya za kuongozea mitambo ya usalama ziliwekwa kwa vyeti vya majaribio vya uongo. Watu walifungwa. Ile ni nchi yenye mafundi hodari na viwanda vyake vya nyaya. Sisi tutakaonunua kila kitu kwa meli tutaamini karatasi ya nani?

Wengine watatuambia vinu vya leo vimechorwa upya, na pande za usalama hutengwa kwa kuta nene tangu mchoro wa kwanza. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini kituo hakimaliziki siku ya kukata utepe. Kila mwaka waya mpya huongezwa, ukuta hutobolewa, na jioni kibarua huambiwa aliye na kitu cha kuzibia azibe, gari laondoka. Tundu la Browns Ferry lilikuwa limefunguliwa ili kupitisha nyaya za nyongeza.

Kwa hiyo twadai mambo haya yaandikwe katika kanuni na katika mikataba ya kazi kabla waya wa kwanza haujavutwa. Kila tundu liwe na namba na kitabu chake: nani alilifungua, nani aliliziba, kwa kitu gani, na nani mwenye ujuzi alilikagua. Nyaya na vitu vya kuzibia vichomwe kwa majaribio hapa nchini, mbele ya wakaguzi na mwakilishi wa wafanya kazi, wala tusitosheke na cheti kilichokuja ndani ya sanduku. Kibarua wa kontrakta afundishwe habari ya moto sawa na mtumishi wa kudumu, kwa saa za kulipwa. Kengele ipigwe kwanza, mitungi baadaye, na asiwepo mtu wa kuulizwa kwa nini alipiga kengele hata kama moto ulikuwa mdogo kama kiberiti. Zile dakika 15 za Alabama hazikupotea kwa ujinga. Mfanya kazi yeyote anajua hofu ya kuonekana ndiye aliyesimamisha kazi.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 tayari yampa mfanya kazi njia ya kumwarifu msimamizi juu ya hatari kubwa, na yakataza kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe. Twataka kifungu hicho kibandikwe kwa Kiswahili kwenye mlango wa kila chumba cha nyaya. Na Mamlaka ya kusimamia nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, itakapoita maoni ya kanuni za moto, isiwaite maprofesa na wenye makampuni peke yao.

Matawi yenye mafundi wa stima, waashi na watu wa ujenzi yatuletee maswali na mambo waliyoyaona kazini juu ya kuziba matundu na kuvuta nyaya, katika kiwanda chochote kile. Yaandikwe kwa mkono tu, yatosha. Yafike kwa katibu kabla ya mkutano wa wajumbe, ili tuyachape na kuyapeleka pamoja.