Roketi saloni, sombe jikoni



Juma lililopita tuliahidi kuongea juu ya sinema ambazo mama anaweza kuangalia pamoja na watoto bila kuona haya. Tumechagua zile za safari za angani na roketi, ile ambayo watoto wanaiita fusée masomoni. Lakini kwanza mturuhusu tuungame kosa letu.

Jumamosi moja umeme ulirudi mapema. Tulikusanya watoto wa nyumbani na wa jirani, tukaweka flashi kwenye televisheni. Wavulana walikaa mbele kwenye mkeka. Wasichana walikuwa wanaingia na kutoka: huyu ametumwa maji, huyu amebeba mdogo wake mgongoni. Binti mmoja wa darasa la sita, anayependa hesabu kupita wote, alipata nafasi karibu na mlango. Filme ilipofika pale ambapo mwanaanga anarudi duniani, chombo chake kimezungukwa na moto, sisi wenyewe tulimwita: "Kuja uangalie sombe, isiungue!" Aliporudi, majina ya waigizaji yalikuwa yanapita. Akauliza: "Alirudi?" Kaka yake akajibu bila kugeuka: "Tayari."

Filme hiyo inahusu mwanamke aliyepiga hesabu za kumrudisha mwanaanga yule. Na sisi, walimu na wamama, tulimwondoa msichana mbele yake kwa sababu ya chungu cha sombe.

Kwa Kifaransa inaitwa Les Figures de l'ombre, na ilitoka mwaka 2016. Inaeleza maisha ya wanawake weusi 3 wa Marekani: Katherine Johnson, Dorothy Vaughan na Mary Jackson. Wote 3 waliwahi kuwa walimu kabla ya kuajiriwa kupiga hesabu za ndege na baadaye za roketi. Katika mji alikozaliwa Katherine, mtoto mweusi hakuweza kusoma kupita darasa la nane. Basi wakati wa masomo mama yake alihamia mji mwingine pamoja na watoto, ili waendelee. Mwaka 1956 Katherine alifiwa na mume wake, akabaki na mabinti 3 na kazi yake. Mwanaanga John Glenn alipokuwa anajitayarisha kupanda, hakuamini mashine peke yake. Aliomba Katherine ahakikishe hesabu zile kwa mkono. Tarehe 20 Februari 1962 Glenn aliizunguka dunia mara 3, akarudi salama.

Filme imeongeza chumvi kidogo. Inamwonyesha Katherine akikimbia mbali kutafuta choo cha watu weusi. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitumia choo kilichokuwa karibu. Mwambieni mtoto kwamba filme si kitabu cha historia. Lakini ubaguzi ulikuwepo kweli: wanawake weusi walitengewa ofisi yao, hata meza yao ya kulia chakula.

Ya pili ni Ciel d'octobre, ya mwaka 1999. Homer Hickam ni kijana wa mji wa makaa ya mawe, ambapo mtoto wa mchimbaji anangojewa mgodini. Wamama walio na ndugu Kamituga au Kolwezi wataelewa haraka. Mwaka 1957 anaona angani Sputnik ya Warusi, naye anaanza kutengeneza roketi na rafiki zake. Ya kwanza inavunja ua la bustani ya mama yake. Mama hamkatazi kuendelea. Homer huyo ni mtu wa kweli, na mwishoni alikuwa injinia wa NASA. Muangalie kwanza ninyi wenyewe: ndani kuna ajali ya mgodi na mzee anayepiga mtoto wa mke wake. Inafaa vijana, si wadogo.

Kwa wadogo kuna WALL-E, ya mwaka 2008. Ni roboti mdogo aliyeachwa peke yake duniani kukusanya takataka, huku watu wakiishi ndani ya chombo kikubwa angani. Kwa muda mrefu mwanzoni hakuna maneno mengi, basi hata koko asiyejua Kifaransa atacheka pamoja na wajukuu. Ikiisha, watoto watazame mifereji yetu iliyojaa chupa na sasheti, wajibu wenyewe.

Mama mmoja alituambia: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapana. Injinia Jean-Patrice Keka, Mkongomani, amerusha roketi zake zinazoitwa Troposphère kutoka Menkao, karibu na Kinshasa. Zingine zilipanda, zingine zilishindwa, naye akaendelea. Watoto walijue jina hilo.

Sasa namna ya kufanya. Chakula kipikwe kabla filme haijaanza. Kama kuna kazi inayobaki, igawanywe kwa wote, mvulana naye ainuke. Simamisheni filme katikati na muulize: "Ingekuwa wewe, ungefanya nini?" Asiyeelewa Kifaransa, mtoto amtafsirie, hilo nalo ni somo.

Kisha mfanye jaribio dogo. Pitisheni uzi ndani ya mrija wa kunywea, mfunge uzi kwenye viti 2, ukazwe vizuri. Mpulize baluni, mshikilie mdomo wake usifungwe, muibandike kwenye mrija kwa skochi. Mkiiachilia, hewa inatoka nyuma na baluni inakimbia mbele. Roketi ya kweli inaenda kwa njia hiyo hiyo: inasukuma moshi nyuma, yenyewe inapanda. Lakini viberiti, petroli na baruti viwe mbali kabisa na watoto. Homer alikuwa na bahati. Tusijaribu bahati ya watoto wetu.

Jumamosi iliyofuata tulirudisha filme ileile. Binti yule alikaa mbele, kwenye mkeka. Kaka yake alikuwa jikoni, na tukubali, sombe iliungua kidogo. Tuliikula hivyo hivyo na bugali. Usiku binti alikuja na daftari, akauliza kama mtu anaweza kupiga hesabu za roketi akiwa anaishi Bukavu. Tulimjibu kwamba aanze na zile za darasa la sita, kesho tutaangalia pamoja kazi yake ya nyumbani.

Kwa mkutano wa juma hili, kila mama ahesabu nyumbani kwake: jioni moja, msichana ametumwa mara ngapi, na mvulana mara ngapi? Mlete hesabu hizo, tuzisome pamoja.

Mbaki na amani.