KAKA STAA WA DIASPORA, RUDISHA MAFAILI YA WATU!

Wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira.

Kuna kaka mmoja maarufu huko Marekani, jina nalihifadhi. Zamani alikuwa MC wa harusi za Wabongo na Wakenya, siku hizi kageuka "mtaalamu wa mafao". Anawawinda ndugu zetu waliotumikia jeshi la kule, wakaomba malipo ya ulemavu kwenye idara ya askari wa zamani, VA, wakakataliwa. Anawaambia nipe asilimia 40 ya malimbikizo, nitakupambania. Jioni anaposti gari.

Kwa kibali gani, kaka? Sheria ya kule inasema anayemtoza askari hela ya rufaa lazima awe wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA. Na hata huyo, akivuka theluthi moja ya malimbikizo tayari anaonekana kapitiliza. Hiyo 40 umeitoa wapi?

Halafu vyama kama DAV na American Legion vina watu walioidhinishwa wanaofanya hiyo kazi bure. Bure jamani!

Wewe uliyekataliwa, usikimbilie kulia. Angalia tarehe ya barua yako, una mwaka 1. Tangu Februari 2019 njia ziko 3. Ukiwa na ushahidi mpya, peleka dai la nyongeza. Ushahidi ni kama barua ya daktari inayosema goti lako liliharibikia jeshini (hii ndo mara nyingi inakosekana), au maelezo ya maandishi ya mwenzako mliyekuwa naye Iraq. Ukiona walisoma faili vibaya, omba afisa wa juu alipitie upya, ila hapo karatasi mpya hazipokelewi. Au nenda Bodi ya Rufaa kwa jaji, japo huko andaa uvumilivu.

Mwaka ukipita? Dai la nyongeza bado unaweza kupeleka, ila yale malimbikizo ya kuanzia siku uliyoomba mwanzo ndo yanayeyuka hivyo. Sasa fikiria mtu kakaa na faili lako toka mwaka jana na simu hapokei.

Team yake najua mnakuja kunitukana kwenye komenti. Karibuni, ila mje na jina lake kutoka kwenye orodha ya walioidhinishwa. Iko wazi kwenye tovuti ya VA, mimi nimeitafuta nikachoka.